Kocha Asiyetoka Nyumbani

Natumaini kila mmoja amepata mahali pa kukaa, na wale ambao macho yao yamechoka wamesogezwa karibu na ubao. Mwalimu wa darasa, tafadhali shika chaki. Leo tutaandika maneno mawili tu. La kwanza ni KOCHA. La pili ni UPWEKE.

Neno kocha mnalijua. Ni mtu anayewafundisha wachezaji wa mpira, akasimama pembeni ya uwanja akawapigia kelele. Neno upweke mnalijua pia, ingawa pengine hamjapata kuliandika. Mtu mpweke ni mtu aliye peke yake, naye hakupenda kuwa peke yake. Tazameni tofauti hiyo. Mvuvi aliye peke yake baharini usiku si lazima awe mpweke, maana anajua asubuhi atarudi kwa watu wake. Lakini bibi kizee aliyekaa barazani tangu asubuhi, na jua likatua, na hakuna hata mmoja aliyesema naye, huyo ni mpweke, hata kama nyumba yake iko katikati ya mji.

Mwisho wa somo mtaona kwa nini nimeyaandika maneno haya mawili pamoja.

Habari yetu ya leo ni ya watu wanaokimbia. Wengi wenu mmekimbia mchakamchaka shuleni au jeshini, kwa hiyo jambo lenyewe si geni. Hata hivyo najua kuna mama mmoja huko darasani anayetabasamu. Amepalilia tangu alfajiri, amechota maji, amepika, kisha amekuja kusoma. Atasema, "Mtu mzima akimbie barabarani, kafukuzwa na nini?" Mama, swali lako ni zuri sana. Tena si wewe peke yako uliyeliuliza.

Huko London, mji mkuu wa Uingereza, watu wengi hufanya kazi za kukaa kitini. Mwili usiofanya kazi huharibika, na wao wanalijua hilo, basi jioni huenda katika nyumba za mazoezi zinazoitwa jimu. Ndani ya jimu mna mashine ya kukimbilia. Ni mkanda mpana unaozunguka chini ya miguu. Mtu hukimbia juu yake nusu saa, akatoka jasho la kulowanisha nguo, na akishuka yuko palepale alipopandia. Mwingine huinua vyuma vizito hadi juu ya kichwa, kisha akavirudisha mahali pake. Na kwa kazi hiyo hulipa fedha kila mwezi.

Kijana mmoja mtengeneza filamu, jina lake Ivo Gormley, aliyatazama mambo hayo akaona kwamba nguvu nyingi zinapotea bure. Hapo hapo mjini kulikuwa na bustani zilizomea magugu, na wazee waliokosa mtu wa kuwainulia hata kiti. Yeye mwenyewe alikuwa akimjua mzee mmoja ambaye viungo havikumruhusu tena kutoka nyumbani. Ivo akapanga hivi: atakapokwenda mbio zake, atakimbia hadi kwa mzee huyo, ampelekee gazeti, wazungumze kidogo, kisha akimbie kurudi kwake.

Ni jambo dogo. Mtoto wa shule angeweza kulibuni. Lakini kutokana na jambo hilo dogo, mwaka 2009, kilianzishwa chama katika sehemu ya mashariki ya London. Jina lake huandikwa GoodGym, na maana yake ni "jimu njema". Tangu hapo kimeenea katika miji mingi ya Uingereza.

Sasa sikilizeni jinsi kazi yao inavyokwenda. Mara moja kwa juma, jioni baada ya kazi, wakimbiaji wa mtaa hukutana mahali walipoagana. Huenda pamoja, kwa mbio za pole, kilomita kadhaa hadi mahali penye kazi. Wakifika, hushika sepetu, toroli na mafagio. Siku moja watapanda miti katika uwanja wa watu wote. Siku nyingine watang'oa magugu katika bustani ya shule, au watapaka rangi ukuta, au watapanga makopo ya vyakula katika ghala la msaada kwa watu waliopungukiwa. Kazi ikiisha, hukimbia tena kurudi walikotoka. Basi katika jioni moja wamekimbia, wamebeba, wamechimba, wamecheka, na bustani ya watu imefyekwa.

Kuna kazi ya pili, ambayo ni ya mtu mmoja. Tuseme mzee amevunjika nyonga naye amelazwa hospitali. Daktari anasema yuko tayari kurudi nyumbani, ila hawezi kupanda ngazi, na kitanda chake kiko ghorofani. Nani atakishusha kitanda? Mtoto wake yuko mbali, na jirani naye ni mzee. Wakimbiaji wawili watatu hufika, hukishusha kitanda, hukiweka chumba cha chini, wakaenda zao. Na mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, wazee wengi walipoambiwa wasitoke nje, wakimbiaji hao waliwapelekea chakula na dawa hadi mlangoni.

Lakini ni kazi ya tatu iliyonifanya nichague somo hili, nami nataka tukae juu yake kidogo.

Mkimbiaji mmoja huunganishwa na mzee mmoja. Kila juma hukimbia hadi nyumbani kwa mzee huyo, hupumzika, hunywa chai, huzungumza, kisha hukimbia kurudi. Hakuna bustani ya kulima wala kitanda cha kubeba. Kazi ni mazungumzo. Na mzee huyo, tangu mwanzo wa chama, hakuitwa "mtu wa kusaidiwa". Aliitwa kocha.

Mwalimu, hebu onyesha tena neno la kwanza ubaoni.

Kwa nini aitwe kocha mtu asiyeweza hata kufika dukani? Nifikirieni kwanza nyinyi wenyewe. Ni saa kumi na moja jioni. Umerudi kutoka kazini, umechoka, mvua inanyesha. Uliazimia kukimbia leo. Je, utakimbia? Hutakimbia. Utasema, "Nitakwenda kesho." Na kesho ina mvua yake. Lakini ukijua kwamba kilomita tatu kutoka hapo yuko mzee amekaa karibu na dirisha, amekwisha kuweka vikombe viwili mezani, hapo utavaa viatu utoke. Hakukupigia kelele wala hakukuandikia barua. Kukungoja kwake tu kumekutoa ndani. Sasa niambieni, kocha wa mpira hufanya nini zaidi ya hapo?

Kwa hiyo jina hilo halikutolewa kwa kumfurahisha mzee tu. Lina ukweli ndani yake. Mkimbiaji anahitaji mtu wa kumngoja, na mzee anahitaji mtu wa kumngojea. Kila mmoja ana kitu mkononi cha kumpa mwenzake.

Nanyi mwajua jinsi kupokea msaada kulivyo kugumu. Watu husema kutoa ni moyo. Mimi nadhani kupokea ni moyo mkubwa zaidi, hasa kwa mtu aliyezoea kutoa. Mzee aliyelea watoto saba, aliyefanya kazi bandarini miaka thelathini, leo unamwendea na kifurushi mkononi na uso wa huruma. Atashukuru, maana ana adabu. Lakini ukiisha kwenda zako, atajiona amepungua. Mwambie, "Mzee, nimekuja kwa sababu bila wewe sifanyi mazoezi," naye atakaa sawasawa kitini, akuulize kwa nini umechelewa leo.

Pengine mtasema Uingereza ni nchi tajiri, wazee wake wana fedha za uzeeni na hospitali zisizodai malipo, upweke watoke nao wapi? Wanao, ndugu zangu, tena mwingi. Mwezi Januari 2018 Serikali ya nchi hiyo ilimpa waziri wake mmoja kazi ya kushughulikia upweke. Nchi haimpi waziri jambo lisilowasumbua watu. Watoto wakikua huhamia miji mingine. Mume akifa, mke hubaki peke yake katika nyumba ya ghorofa yenye ngazi nyingi. Mwezi Desemba huko London jua hutua kabla ya saa kumi jioni, na baridi ni kali. Mtu asiye na miguu ya kutembea hufunga mlango wake mapema, na huenda asiufungue tena mpaka mtu aubishe.

Sasa tuzungumze habari za mwili kidogo, kisha tufanye hesabu.

Shirika la Afya la Ulimwengu linashauri kwamba mtu mzima aushughulishe mwili wake dakika 150 hadi 300 kwa juma kwa shughuli za kiasi, kama kutembea upesi. Akifanya shughuli za nguvu, kama kukimbia, dakika 75 hadi 150 zatosha. Tena, siku mbili au zaidi katika juma, afanye kazi inayoitia misuli nguvu, kama kubeba au kuchimba. Utajuaje kama mwendo wako ni wa kiasi au wa nguvu? Jaribu kusema. Ukiweza kuzungumza ila huwezi kuimba, huo ni mwendo wa kiasi. Ukisema maneno mawili matatu ukasimama kuvuta pumzi, huo ni wa nguvu.

Mkulima wa jembe la mkono hahitaji kuambiwa haya, shamba lake limekwisha kumpa sehemu yake. Namsema karani, dereva, fundi cherehani, mwenye duka anayekaa nyuma ya meza kuanzia asubuhi mpaka usiku. Hao ndio shinikizo la damu na kisukari huwanyemelea. Na mtu mwenye maradhi ya moyo, au anayebanwa na kifua akipanda kilima, asianze kukimbia kabla ya kuonana na daktari au mganga wa zahanati.

Hesabu yetu ni hii. Andikeni katika madaftari. Mkimbiaji anakaa kilomita 3 kutoka kwa kocha wake. Kilomita moja huikimbia kwa dakika 7. Je, kwenda na kurudi atakimbia dakika ngapi? Akienda mara mbili kwa juma, atakimbia dakika ngapi? Na je, zimefika 75? Nawaachia nafasi mfanye.

Naam. Kwenda ni dakika 21, na kurudi ni 21, jumla 42. Mara mbili kwa juma ni dakika 84. Zimefika 75, na 9 zimezidi. Aliyepata 42 peke yake asifute. Amefanya nusu ya hesabu, na amalizie nusu iliyobaki.

Wako na wengine waliounganisha mbio na kazi. Huko Sweden, mwaka 2016, bwana mmoja aitwaye Erik Ahlström aliona takataka zimezagaa katika mji wa Stockholm, akaanza kuwakusanya watu wakimbie huku wakiziokota. Kila mara mtu anapoinama kuokota chupa, kiuno na mapaja vinafanya kazi, kwa hiyo ni mbio na viungo kwa pamoja. Mchezo huo umefika nchi nyingi. Ni mchezo mzuri, ila takataka haimngoji mtu. Ndiyo maana mimi napenda zaidi habari ya kocha.

Je, kwetu? Tanzania mwaka 2015, Rais John Magufuli aliamuru sikukuu ya Uhuru ya tarehe 9 Desemba itumike kufanya usafi nchi nzima, na baadaye Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikafanywa siku ya usafi. Mwezi Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, ambaye wakati huo alikuwa Makamu wa Rais, akazindua kampeni ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Jumamosi moja fagio, Jumamosi nyingine viatu vya mbio. Na mitaani Dar es Salaam vimezaliwa vikundi vingi vya mbio za pole, ambavyo vijana huviita vikundi vya jogingi. Utawaona Jumapili alfajiri wamevaa fulana za rangi moja, wanaimba, barabara imejaa. Vingi vya vikundi hivyo huchangiana katika misiba na arusi, na vingine huenda kufanya usafi au kutembelea wagonjwa. Basi fulana zipo, nyimbo zipo, miguu ipo. Kilichobaki ni kuchagua njia ipitie wapi.

Kwa maoni yangu njia ipite kwa bibi anayelea wajukuu. Mnamjua. Wazazi wa watoto wale wako mjini wanatafuta, au wamekufa. Bomba liko mbali. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20 na zaidi, maana lita moja ya maji ni kilo moja. Kijana anayelipa fedha ili ainue vyuma vya kilo 20 katika jimu, na apite kwa bibi huyo avute ndoo nne. Misuli haijui tofauti ya chuma na maji.

Lakini sikilizeni sana hapa. Ni afadhali kikundi kisiende kabisa kwa bibi huyo kuliko kwenda mara tatu kwa fulana na picha za simu, kisha kisionekane tena. Kabla hamjafika, alikuwa peke yake naye amezoea. Mkija mara tatu, mara ya nne atafagia uwanja, atatandika mkeka, atawaambia wajukuu, "Leo wanakuja." Jua litatua. Nani atawaeleza watoto wale? Kwa hiyo kabla ya kuahidi, hesabuni watu wenu. Kama mko kumi, na watano huacha mvua zikianza, basi ahadi yenu iwe ya watu watano. Mwambieni bibi siku moja tu ya juma, mnayoiweza masika na kiangazi. Na siku mtakayoshindwa, mmoja aende kwa miguu au kwa daladala akamwambie mapema.

Jambo lingine ni usalama. Huko Uingereza, mkimbiaji anayekwenda peke yake nyumbani kwa mzee huchunguzwa kwanza katika kumbukumbu za Serikali kama amepata kutiwa hatiani kwa makosa. Kwetu, mwenyekiti wa serikali ya mtaa au balozi wa nyumba kumi awajue wote kwa majina, na awe ndiye anayewapeleka mara ya kwanza. Waendeni wawili wawili. Msiguse fedha za mzee, hata akiwasihi mkamnunulie kitu, isipokuwa mbele ya mtu wa tatu. Asiyewajua ana haki ya kuwaogopa.

Na barabarani kimbieni upande unaotazamana na magari yanayokuja, mavazi meupe kama giza halijatoka. Kina mama wasiopenda kukimbia, kwa mavazi au kwa magoti, na watembee upesi. Mwendo ule wa kusema bila kuimba unatosha kabisa.

Muda wetu unakaribia kwisha. Mkizima redio, nawaomba mzungumze maswali haya pamoja na mwalimu wenu. Katika mtaa au kijiji chenu, nani hubaki peke yake mchana watu wakienda kazini? Je, yeye mwenyewe angependa kutembelewa, na nani amemwuliza? Ana kitu gani cha kuwapa watakaokwenda: hadithi, ushauri, kusuka ukili, kuwafundisha dua, kuwagombeza tu wanapochelewa? Msimwamulie. Mwulizeni.

Kisha kila mmoja aandike mistari mitano juu ya mtu mmoja anayemfikiria. Asiandike jina lake. Aandike anakaa umbali gani na darasa hili, na ni dakika ngapi kufika kwake kwa miguu. Mistari hiyo mwalimu ataisahihisha juma lijalo, na somo letu siku hiyo litakuwa namna ya kuandika barua ya maombi kwa serikali ya mtaa. Njooni na kalamu mbili, maana barua hiyo tutaiandika mara mbili. Kwaherini.